Jake DeRosier: alikuwa dereva kweli au alibebwa na pikipiki?

MpandaKilima:
Wakuu habari za saa hizi. Juzi umeme ulikatika huku kwetu, joto kali, usingizi hauji, nikawa nabofya bofya simu naangalia picha za pikipiki za zamani mpaka chaji ikafika asilimia nne, ndo nikakutana na picha ya jamaa mmoja kalala juu ya tangi kabisa, usukani umepinda kwenda chini kama pembe za mbuzi, na kavaa TAITI. Taiti jamani, na kaptula fupi juu yake, miguuni viatu vyepesi kama anaenda kuruka kamba. Asubuhi nikamuonyesha mpwa wangu anayepiga boda, akaivuta picha akaikuza akaikodolea macho weee, halafu akaniuliza, mjomba, breki iko wapi? Tukaitafuta breki mbele, tukaitafuta nyuma, hola.

Basi nikafuatilia. Jamaa anaitwa Jake DeRosier, kazaliwa Canada upande wa Quebec mwaka 1880, kakulia Marekani mji wa Fall River jimbo la Massachusetts, na miaka ile ya 1908 mpaka 1911 alikuwa ndo nyota wa kampuni ya pikipiki ya Indian. Kila unaposoma wanamuita bingwa, bingwa, bingwa. Sasa kilichonichanganya ni hiki, mwaka 1911 Indian walienda kushindana kisiwa cha Man, kile cha kati ya Uingereza na Ireland, na wakabeba nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kwenye hao watatu DeRosier hayumo! Yaani mashine ileile, watu ambao mimi sijawahi kuwasikia wanashinda, bingwa mwenyewe hayupo hata kwenye picha. Naomba wajuvi mnisaidie, huyu mtu alikuwa dereva kweli au alikuwa anabebwa na pikipiki? Na ile breki iko wapi?

Spana13:
Breki haipo mkuu. Mwambie mpwa wako macho yake mazima.

Zile pikipiki za mashindano ya viwanja vya mbao hazina breki, hazina klachi, hazina gia. Nyingi hata mafuta yenyewe huwezi kupunguza, kabureta inaachwa wazi muda wote, kuna kitufe tu cha kukata moto wa plagi, ukitaka kupunguza mwendo unakata moto kidogo, ukiachia injini inashika tena. Kuondoka unavutwa na pikipiki nyingine mpaka injini ishike. Kusimama unakata moto, unateremka taratibu kule chini kwenye sehemu tambarare ya uwanja na unazunguka mpaka yenyewe ichoke. Hivyo tu. Kwa nini hawakuweka breki? Kwa sababu uwanja ni duara, wote mko spidi moja mmebanana, mmoja akikamata breki ghafla wa nyuma yake anampanda mgongoni. Breki ingeua watu wengi zaidi, ndo akili yao ilivyokuwa.

Na uwanja wenyewe ni wa mbao, sio utani. Mbao nyembamba kama za kupigia kenchi zimesimamishwa kwa ubavu zikapangwa moja moja zikagongewa misumari, maelfu kwa maelfu, halafu uwanja wote umeinuka kwa nje kama bakuli, kona zimelala sana, viwanja vingine hata digrii 45 na zaidi. Kulikuwa na mzee mmoja Jack Prince, Mwingereza aliyekuwa mwendesha baiskeli wa mashindano, yeye kazi yake ilikuwa kuzunguka miji ya Marekani anajenga viwanja hivyo, wiki chache tu umekwisha. Sasa fikiria injini za wakati ule oili hairudi, inapita inalainisha inamwagika nje, kwahiyo baada ya mizunguko kadhaa ile mbao imepakwa oili kama sufuria ya maandazi, na vibanzi vinaruka vinachoma watu usoni. Na huyo mtu kavaa taiti.

Mimi niko na spana mkononi mwaka wa kumi na tisa huu, nimeshafunga injini za kila aina, hiyo kitu hata kama imezimwa nisingeikalia.

kaka_wa_Tudor:
taiti zimenimaliza 😂😂

Mwl_Mstaafu:
Ndugu MpandaKilima, swali lako ni zuri ila limeanza katikati ya hadithi. Huwezi kumpima DeRosier bila kujua alikotoka, na alikotoka ni kwenye baiskeli.

Mwishoni mwa karne ya 19 Wamarekani walikuwa wamepagawa na mbio za baiskeli viwanjani. Palikuwepo na aina ya mbio ambayo mbele ya mwendesha baiskeli kunatangulia pikipiki kubwa, kazi yake ni kumkatia upepo, yule wa baiskeli anajificha nyuma yake kwa karibu sana na hivyo anaweza kwenda kasi ambayo peke yake asingeifikia. Mashine zile zilikuwa mbovu, zinazimika njiani, zinayumba, na ukianguka anayekufuata anakuja kukuangukia. DeRosier alianza ujana wake hapo, kwanza baiskeli, kisha akawa dereva wa hizo pikipiki za kukata upepo. Kwa hiyo alijifunza mambo mawili ambayo hayafundishwi darasani. La kwanza ni kwenda mwendo ulionyooka usioyumba hata robo inchi. La pili ni kuujua upepo ulivyo nyuma ya mtu, wapi unakuvuta na wapi unakusukuma. Likumbuke hilo la pili, nitalirudia.

Na kampuni ya Indian yenyewe ilizaliwa humohumo. George Hendee alikuwa bingwa wa baiskeli, baadaye akawa mtengenezaji wa baiskeli pale Springfield, Massachusetts. Oscar Hedstrom alikuwa fundi aliyezaliwa Sweden, naye alikuwa akitengeneza hizo mashine za kukata upepo, na sifa yake ni kwamba za kwake zilikuwa haziwazimikii watu ovyo. Wakakutana kwenye mambo ya mbio, 1901 wakatoa pikipiki ya kwanza. Basi unaona wote watatu ni watu wa kijiji kimoja, ingawa hawakuzaliwa pamoja.

Kwenye mbao DeRosier hakuwa na mwenzake. Uwanja wa Los Angeles ulipofunguliwa 1909 na ule mkubwa wa Playa del Rey mwaka 1910, wenye mzunguko wa maili nzima, jina lake ndilo lililokuwa linajaza watu. Na alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kulipwa na kiwanda ili kazi yao iwe kushindana tu. Kwa hiyo neno "alibebwa" mimi naona ni zito.

Kibiriti_Ngoma:
Mwalimu shikamoo. Lakini bado hujajibu. Kama kiwanda ndo kinakulipa, kiwanda ndo kinakupa injini ambayo mwenzako dukani haipati, Hedstrom mwenyewe anakufungia valvu kwa mkono wake, sasa hapo utajuaje nani anashinda? Mimi nikipewa pikipiki ya cc 1000 na wewe una ya cc 600 nitakuwa bingwa mpaka nizeeke. Na mfano wa kisiwa cha Man ndo unamaliza kesi. Siku hiyo wote walipanda Indian. Aliyeshinda ni Oliver Godfrey Mwingereza, wa pili Charles Franklin wa Ireland, wa tatu Arthur Moorhouse. Bingwa wa Marekani kaanguka kaanguka kaanguka, kaja wa 12, na hata huo u-12 wakamfutia. Hakuna cha mbao hapo, hiyo ni barabara, barabara ndo inaonyesha nani dereva.

Mimi nasimama na mpwa wa jamaa, breki ilikosekana 😂

Spana13:
Kibiriti unachekesha, barabara ipi? Ile ya 1911 unaijua? Huo mwaka ndo wa kwanza kupitishwa mlimani, zamani walikuwa wanazungukia njia fupi zaidi. Mzunguko mmoja maili 37 na nusu, kama kilomita 60 hivi, na wakubwa walipiga mizunguko mitano, hesabu mwenyewe, kilomita 300. Kule juu mlimani hakuna lami, ni njia ya mikokoteni, mawe, matope, makorongo ya magurudumu, na kuna mageti ya kondoo. Mazoezini asubuhi anayefika wa kwanza anashuka kufungua geti. Siku chache kabla ya mbio kijana mmoja, Victor Surridge, alikufa mazoezini na pikipiki yake ya Rudge, wa kwanza kufa kisiwani hapo kwa pikipiki.

Sasa mchukue mtu ambaye maisha yake yote ni duara la mbao, kushoto kushoto kushoto, umtupe hapo. Na bado mzunguko wa kwanza ALIONGOZA. Hilo mbona hulisemi? Aliwaacha wote, ndo baadaye akaanza kuanguka, mashine ikaharibika, akapata msaada wa spana sehemu ambayo sheria hairuhusu, wakamfuta. Kumfuta walikuwa sahihi, sheria ni sheria, hata Charlie Collier wa Matchless, kampuni ya pikipiki ya Uingereza, alimaliza wa pili wakamfuta kwa sababu alijaza petroli mahali pasipopangwa.

Kuhusu mashine, hapo nakupa nusu ya haki. Indian ile ilikuwa na cheni, klachi na gia mbili, Waingereza wengi bado walikuwa na mkanda wa ngozi na gia moja. Mlima ule na mkanda ulioloa, unateleza tu, unakanyaga pedali unahema. Godfrey alitumia saa 3 na dakika 56, wastani wa maili 47 na pointi kwa saa. Kwahiyo kisiwani ndiyo, cheni ilishinda. Lakini cheni ya Godfrey na cheni ya DeRosier ni ileile, kwahiyo huwezi kusema pikipiki ilimbeba mahali ambapo ilimwangusha.

Kibiriti_Ngoma:
Hapo mwisho umenipeleka kama wakili. Ila si ndo nachosema mimi? Mashine moja, wengine wameshinda yeye kashindwa = tatizo dereva.

BintiWaMakadara:
Mbona mnaishia kisiwani na mbio zenyewe zilizojibu hili swali zilikuwa wiki mbili baadaye? 😅

Niwape. Tarehe 15 Julai 1911, Brooklands, kusini magharibi mwa London, ule uwanja wa zege. DeRosier wa Indian dhidi ya Charlie Collier wa Matchless, wawili tu. Na Collier si mtu wa kuokotwa, Matchless ilikuwa kampuni ya familia yao, alishinda mbio za kwanza kabisa za TT, hizohizo za kisiwa cha Man, mwaka 1907 na akashinda tena 1910, ndugu yake Harry akashinda 1909. Kwahiyo Kibiriti ile hoja yako ya nani kapewa injini na kiwanda hapa haifanyi kazi, Collier KIWANDA NI CHA BABAKE. Raundi tatu, ya kwanza mizunguko miwili, ya pili mitano, ya tatu kumi.

Raundi ya kwanza DeRosier alikaa nyuma ya Collier. Alikaa tu, kajikunja, anamfuata kama kivuli, mwenzake anapambana na upepo yeye kajificha, halafu karibu na mwisho akachomoka akampita kwa mwanya mdogo sana. Sasa rudini kwa Mwalimu alipowaambia mlikumbuke lile la pili. Ule ujanja hakufunzwa na Hedstrom, alifunzwa na baiskeli.

Raundi ya pili tairi la mbele likampasukia, na alikuwa anapita maili 80 kwa saa. Hapa naomba nisimame kidogo jamani. Mimi naendesha pikipiki kwenda kazini, na mwaka juzi tairi la mbele liliniisha upepo ghafla nikiwa kwenye lami, spidi 50 tu ya kilomita. Usukani ulianza kucheza kama mtu ana homa, mikono ikafa ganzi mpaka kwenye viwiko, nikawa siongozi chochote, naomba tu, na nina breki, na nina helmeti. Nikaishia kwenye mtaro nimekalia lile fuko la nyanya nilizokuwa nimenunua, watu wananiuliza umeumia nasema nyanya, nyanya. Huyo wa maili 80 ni kama kilomita 130. Na hakuanguka! Aliipigania mpaka ikatulia. Raundi akapoteza, maana tairi halipo, lakini dakika chache baadaye akapanda tena kwa raundi ya mizunguko kumi. Na akashinda, ingawa lazima tuseme ukweli Collier safari hiyo alisumbuliwa na umeme wa plagi.

Mbili kwa moja. Injini kwa injini, kiwanda kwa kiwanda.

kaka_wa_Tudor:
nyanya, nyanya 😭😭 pole dada yangu lakini nimecheka mpaka abiria kaniuliza kuna nini

Kibiriti_Ngoma:
Haya dada, Brooklands nakupa. Lakini mwenzake plagi imezingua, sio ushindi wa kutamba. Na Brooklands nayo ni uwanja wa kuzunguka umelala kona. Ni mbao ya zege tu.

Mwl_Mstaafu:
Marahaba Kibiriti. Hilo la mwisho umesema neno, na mimi siwezi kukubishia. DeRosier alikuwa mtu wa duara. Palipo na duara hakuna aliyemuweza kirahisi, palipo na kona ya kulia, geti na kondoo alikuwa mgeni. Lakini msisahau kwamba enzi zile nchini mwake hizo mbao ndizo zilikuwa mashindano. Waingereza walikwenda kisiwa cha Man kwa sababu bara kwao barabara haikuruhusiwa kufungwa na mwendo ulikuwa mwisho maili 20 kwa saa, kisiwa kina bunge lake kikaruhusu. Kila nchi iliwapa madereva wake mahali pa kukimbilia, nao wakawa vile mahali palivyo. Ni kama kumlaumu mvuvi wa Kilwa kwamba hajui kuchunga ng'ombe.

MpandaKilima:
Duh, asanteni sana, BintiWaMakadara umeniua na nyanya. Nimemsomea mpwa wangu yote, kakubali kwamba hakuna breki ila kasema huyo Collier angekuja kijiweni kwao angeambiwa hana bahati na asafishe pointi.

Swali la pili wakuu. Baada ya Brooklands si ndo angetakiwa kutajirika? Karudi Marekani na sifa zote hizo. Mbona baada ya 1911 jina linakatika ghafla?

Spana13:
Aliachana na Indian. Aliporudi tu mwaka huohuo wakatengana, akahamia Excelsior wa Chicago, kampuni ambayo mwenye kiwanda cha baiskeli Ignaz Schwinn ndo alikuwa ameinunua. Fikiria mtu uliyekuwa unampa mashine namba moja sasa anakuja na mashine ya jirani kukushinda nyumbani kwako.

Halafu Machi 1912, uwanja wa mbao wa Los Angeles. Yuko na Charles Balke, kijana waliyemuita "Fearless", Asiye na Woga, wanabanana. Wakagongana. Kwenye mbao ukianguka huanguki mara moja, unateleza mteremko wote kwenda chini na vibanzi vinakuingia mwilini, halafu mashine inakufuata. Mguu ukavunjika vibaya, akalazwa muda mrefu, operesheni moja, ya pili, ya tatu. Baada ya ile ya tatu hakuinuka. Alifariki Februari 1913 pale Springfield, ana miaka 33.

BintiWaMakadara:
Na wakati yeye yuko kitandani ndo ikatokea ile ya Newark, New Jersey, Septemba 1912. Eddie Hasha akiwa kwenye Indian alipoteza mwelekeo akapanda juu ukingoni, na watazamaji kwenye hivyo viwanja walikuwa wanakaa JUU, wanainama kwenye reli kuchungulia chini. Akafa Hasha, mashine ikarudi uwanjani ikamuua mwenzake Johnny Albright, na juu wakafa watazamaji, wengi watoto wa kiume walioshikilia reli. Magazeti yakaacha kuviita viwanja vya pikipiki yakaanza kuviita viwanja vya mauaji. Toka hapo vile vidogo vidogo vilianza kufungwa kimoja kimoja, na mbao hazikuwekwa hata dawa, mvua ikamalizia kazi.

Kwahiyo MpandaKilima, jina halikukatika peke yake. Mchezo wenyewe ulikuwa unakufa, na waliouendesha walikuwa wanakufa nao.

Mwl_Mstaafu:
Niongeze la mazishi, maana ndilo linalonigusa. Mtu aliyekuwa ameondoka kwao na kwenda kwa mshindani alizikwa Springfield, mji wa Indian. Jeneza lilipopitishwa mbele ya kiwanda kazi ilisimama ndani na bendera ilikuwa nusu mlingoti. Hao ndio waliokuwa wameachana naye. Mimi nimefanya kazi miaka 34 sehemu moja, na nimeona watu wakiondoka kwa ugomvi, hata kadi ya pole hawakutumiwa.

Kibiriti_Ngoma:
Mwalimu hapo nimenyamaza. Dereva, basi. Nimekubali, alikuwa dereva.

Ila wa duara.

MpandaKilima:
😄 Haya tumekubaliana dereva wa duara. Mpwa kauliza swali la mwisho halafu anaenda kuchukua abiria, huyo Balke waliyegongana naye aliishia wapi? Alistaafu au?

Spana13:
1914, Hawthorne, Chicago. Safari hii sio mbao, ni uwanja wa vumbi. Mazoezini. Aligonga roller ya kusawazisha njia.

MpandaKilima:
Mh.

kaka_wa_Tudor:
mwambie mpwa avae helmeti